Wimbo wa Zamani Ukipigwa, Kwa Nini Unakumbuka Jiko la Mchina?

Desemba, mabasi ya Dar yakianza kupandisha watu Kilimanjaro na Arusha kwa ajili ya Krismasi, kuna ubishi mmoja huna pa kuukimbilia. Dereva anaweka mkusanyiko wa nyimbo za zamani, na hamjafika Korogwe basi limeshagawanyika. Wa siti za mbele wanasema muziki wa nchi hii ulizikwa na Marijani Rajabu mwaka 1995. Wa katikati, wenye miaka arobaini na kitu, wanaapa kwamba Bongo Fleva ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 haitatokea tena. Vijana wa nyuma wamebana hedifoni masikioni, hawana habari na mtu. Mkishuka Moshi ubishi unawafuata mpaka kwenye mbege, na hitimisho ni lile lile: nyimbo za zamani zilikuwa na ujumbe, za siku hizi ni kelele tupu.

Nadhani watu hawa wanabishana juu ya vitu vitatu kwa mpigo. Kuna ubora wa wimbo wenyewe. Kuna umri uliokuwa nao ulipouzoea. Na kuna maisha uliyokuwa ukiishi wakati wimbo huo unapigwa kila kona. Ukivitenganisha, ubishi unapungua makali, ingawa sisi Wachagga tukishashika kibuyu huwa hatukubali kushindwa.

Tuelewane kwanza. Ninaposema wimbo wa zamani sihesabu miaka ya wimbo, nahesabu miaka yako: ni ule uliouzoea ukiwa kijana, ukapotea masikioni, kisha siku moja ukarudi bila kuitwa. Kwa mzee wa Kibosho unaweza kuwa zilipendwa, yaani muziki wa dansi wa miaka ya 1960 hadi 1980. Kwa aliyekulia Ngarenaro unaweza kuwa rapu ya X Plastaz, waliochanganya Kiswahili cha mtaani na sauti za Kimaasai. Na ninaposema kumbukumbu, nazungumzia kumbukumbu ya maisha yako mwenyewe. Kujua kwamba Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979 ni taarifa, unaweza kuisoma popote. Kukumbuka ulikuwa umeshika nini mkononi redio ilipotangaza ni jambo jingine kabisa, na hilo ndilo wimbo unaloligusa.

Linagusika vipi? Ubongo hauweki tukio mahali pamoja. Sauti zina sehemu yake, harufu zina yake, sura za watu zina yake, na hisia vivyo hivyo. Kinachofanya tukio liwe moja ni zile nyuzi zinazounganisha sehemu hizo. Waliokulia mlimani wamewaona akina mama wakipanda kutoka tambarare na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani: kuna majani ya mahindi, magugu, matawi, mengine hata hayajulikani yalichumwa wapi, lakini yote yamefungwa kamba moja. Wimbo ni ncha ya kamba hiyo. Ukivuta ncha, mzigo mzima unatikisika, hata majani uliyosahau kwamba uliyakata.

Na ncha yenyewe haihitaji kuvutwa sana. Mwaka 2010 mtafiti wa Marekani, Carol Krumhansl, aliwasikilizisha watu vipande vya nyimbo maarufu vyenye urefu wa chini ya nusu sekunde. Katika zaidi ya robo ya majaribio walitaja jina la wimbo na la msanii. Ukipanda Kosta ya Arusha, kondakta akibadilisha wimbo, umeshajua ni upi kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Usijione una kipaji, wengi tuko hivyo. Kuna na raha nyingine inayokuja kabla ya wakati wake. Wanasayansi wa Montreal, Kanada, walionyesha mwaka 2011 kwamba mtu akisikiliza muziki anaoupenda, ubongo unaanza kumwaga dopamini, kemikali ya raha, sekunde kadhaa kabla ya pale panapomsisimua. Wimbo mpya hauwezi kukupa hilo kirahisi, kwa sababu hujui kiitikio kitaingia lini. Wa zamani unajua. Mwili unausubiri.

Hapo tumefika kwenye umri. Mwaka 1989 Morris Holbrook na Robert Schindler, wote wa Marekani, waliwachezea watu wa rika mbalimbali nyimbo zilizotamba kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1980, wakawauliza wanazipenda kiasi gani. Waliopendelea wimbo fulani zaidi walikuwa wale ambao, ulipotoka, walikuwa na miaka kama 23 au 24. Tafiti nyingine zinashusha umri huo hadi ujanani zaidi. Na hata tukiacha muziki, watu wazima wakiulizwa kuhusu maisha yao hukumbuka kwa wingi mambo ya kati ya miaka 10 na 30. Ndio wakati wa mambo ya mara ya kwanza: kuondoka nyumbani, mshahara wa kwanza, kupenda na kuachwa. Ndio wakati pia unapoamua wewe ni nani, na wimbo unaingia kwenye uamuzi huo bila kuomba ruhusa.

Sasa nije kwenye jambo linalonishangaza zaidi, ambalo kwenye mabasi halisemwi. Wimbo wangu sitautaja, maana ukitaja wimbo watu wanaacha hoja wanashika wimbo. Ni wa Bongo Fleva, ulitamba nikiwa sekondari Arusha, na ukipigwa leo haunikumbushi sherehe yoyote. Unanikumbusha jiko la mchina. Naliona lile jiko la mafuta ya taa lenye rangi ya kijani iliyobabuka, tambi zake mbili zimekatika na hazipandi, hivyo moto unawaka upande mmoja na sufuria ya ugali inabidi igeuzwe kila mara. Nasikia ile harufu linapozimwa, inayojaa chumba kizima na kukaa kwenye shati la shule hadi asubuhi. Redio iko dirishani. Betri zake zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo za jioni. Kanda iko karibu, imerudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic ili kubana hizo betri, tunasubiri mtangazaji anyamaze turekodi, naye hanyamazi, anataja wanaosalimiwa kutoka Kijenge, Sakina mpaka Usa River. Hakuna kilichotokea jioni ile. Ni jioni iliyofanana na nyingine zote.

Ukikaa na watu ukawauliza, utasikia mambo ya aina hiyo hiyo: foleni ya maji bombani, kupiga pasi ya mkaa Jumapili jioni, njia ya kwenda shule, kusukwa nywele barazani. Mtu anaona aibu kidogo kusema, kwa sababu alitegemea akumbuke jambo kubwa.

Maelezo yake si magumu. Harusi ina wimbo wake wa siku moja. Ina picha, ina video, na imesimuliwa mara nyingi hata aliyekuwa hajazaliwa anaijua. Harusi haihitaji wimbo ili ikumbukwe. Wimbo uliotamba, kwa upande wake, ulipigwa miezi na miezi ukiwa unaosha vyombo, unachambua mchele, unasubiri daladala Kwa Mrombo. Ulijifunga kwenye mambo yaliyojirudia kwa sababu na wenyewe ulijirudia. Ndiyo maana watafiti wengi wa jambo hili wanaona kwamba wimbo aghalabu humrudishia mtu kipindi cha maisha na watu wa kipindi hicho, zaidi ya tukio moja lenye tarehe. Zile siku ambazo hukuzipiga picha kwa kuwa hukuona cha kupiga, hazina mwingine wa kuzitunza.

Si kila wimbo unafanya kazi hiyo, hata hivyo. Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alipowachezea wanafunzi nyimbo zilizotamba walipokuwa watoto na vijana, kwa wastani nyimbo 30 kati ya 100 ndizo zilizoleta kumbukumbu ya maisha. Zilizobaki zilipita tu. Kwa hiyo jirani asiposisimkwa na wimbo uliokuliza wewe, hana roho ngumu.

Kutokana na hayo kuna imani kadhaa zinazosambaa ambazo inafaa tuziangalie. Ya kwanza ni kwamba wimbo unakurudishia mambo kama yalivyokuwa. "Nakumbuka kama jana." Hapana. Tangu mwaka 1932, Mwingereza Frederic Bartlett alipowapa watu hadithi ya kigeni wakaisimulia tena na tena, ilijulikana kwamba mtu akikumbuka anaunda upya. Rudi kwenye mzigo wa majani: kila ukifunguliwa na kufungwa tena, kuna majani yanadondoka, na mengine ya njiani yanaingia. Siwezi kukuapia kwamba redio ilikuwa dirishani jioni ileile ya wimbo ule. Huenda ni jioni kumi tofauti zilizofungwa pamoja.

Tena kinachodondoka hakidondoki kwa usawa. Wanasaikolojia wamepima mara nyingi na kukuta kwamba uchungu wa tukio baya hupoa haraka kuliko utamu wa tukio zuri. Mama yangu mdogo alikuwa binti mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni na sukari vilikuwa vya foleni na unga wa njano ndio uliokuwapo. Ukimpigia wimbo wa miaka ile anacheka mpaka anajishika mbavu akieleza walivyopanga mawe kwenye foleni ya duka la ushirika, kila jiwe likiwakilisha mtu, wakaenda zao kuchota maji. Anaeleza kwa raha kiasi kwamba binti yake aliwahi kusema angependa angekuwepo. Njaa haimo kwenye maelezo hayo. Haikufutika, ukimuuliza anaijua, ila wimbo hauivuti. Basi mtu akikwambia maisha ya zamani yalikuwa matamu na ushahidi wake ni wimbo, jua kwamba shahidi huyo ana upendeleo.

Imani ya pili inavunja nyumba. Baba anasikia wimbo, ananyamaza, anatazama ukutani. Mama anajua: anamkumbuka yule. Shemeji zangu wawili walinuniana wiki nzima kwa wimbo uliopigwa kwenye kipaimara. Inawezekana kweli anamkumbuka yule, sitatoa kiapo kwa niaba ya mwanaume yeyote. Lakini kwa yote tuliyoyaona, uwezekano ni mkubwa vilevile kwamba anakumbuka baiskeli, au bweni, au marehemu kaka yake akikamua ng'ombe. Kimya chake hakisemi ni kipi. Na mara nyingi hisia inatangulia, kumbukumbu yenyewe inafuata kwa kuchechemea, hivyo ukimuuliza papo hapo "unawaza nini?" akajibu "hakuna", anaweza kuwa anasema kweli.

Ya tatu ni kwamba kulizwa na wimbo wa zamani ni udhaifu au dalili ya ugonjwa. Hii ina historia. Mwaka 1688 daktari kijana, Johannes Hofer, aliandika huko Basel, Uswisi, tasnifu akiueleza uchungu wa kukumbuka kwao kama maradhi yanayoweza hata kuua. Aliyakuta kwa Waswisi waliokuwa mbali na nyumbani, na baadaye maradhi hayo yakahusishwa hasa na askari wao waliopigana kwa kulipwa katika nchi nyingine. Katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau aliandika kwamba ilikatazwa kupiga mbele ya askari hao wimbo fulani wa wachunga ng'ombe wa milimani, kwa kuwa waliousikia walilia, wakatoroka au wakafa. Mmeru au Mmaasai aliyewahi kukaa Kariakoo mwaka mzima bila kusikia kengele ya ng'ombe hatashangaa sana. Leo madaktari hawaiiti hali hiyo ugonjwa. Tafiti nyingi za karibuni zinaonyesha kwamba kwa watu wengi hamu hiyo ya zamani huacha joto moyoni kuliko huzuni, na huwafanya wajisikie wana watu. Kama kila wimbo unakuangusha siku nzima na huwezi kufanya kazi, hapo shida ni nyingine na inafaa kuongea na mtaalamu. Wimbo hauna kosa.

Turudi sasa kwenye basi. Je, nyimbo za zamani ni bora?

Wa siti za mbele wakumbushwe jambo moja. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, ulipiga marufuku soul, muziki wa Wamarekani Weusi, kwa hoja kwamba unaharibu vijana. Tangu Januari mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa kwenye Operesheni Vijana, ukiwaandama wenye vimini, mawigi na suruali za kubana. Waliokuwa wakiandamwa ndio wazee wetu wa leo. Bongo Fleva nayo ilipoanza iliitwa uhuni, na walioitwa wahuni ndio hao wa siti za katikati wanaowaambia wa nyuma kwamba muziki wao hauna maadili. Sina shaka Desemba ya mwaka 2050 wa nyuma watakuwa mbele.

Halafu kuna mchujo. Enzi zilizopita zilikuwa na nyimbo mbovu nyingi tu, hazipigwi. Redio inapochagua zilipendwa inachagua zilizopita kwenye chekecheke la miaka 40 au 50, kisha sisi tunazilinganisha na kila kilichotoka wiki iliyopita, kizuri na kibaya. Hiyo si mechi ya haki.

Ila wazee wana hoja moja ambayo naikubali kabisa, ingawa huisema vibaya. Hadi miaka ya 1990 mwanzoni, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo ilikuwa redio pekee ya ndani kwa Tanzania Bara, na bendi nyingi zilirekodi kwenye studio zake. Radio One ilipoanza mwaka 1994, ndipo watu wakaanza kuwa na pa kuhamia. Maana yake wimbo mmoja ulisikika saa ileile Marangu, Mbauda, Tabora na Mtwara, na ukijaribu kuukimbia nyumbani kwenu unaukuta kwa jirani. Kwa hiyo mzee wa Rombo na mgeni aliyemkuta stendi ya Moshi wanaweza kuanza kuimba pamoja ubeti wa tatu. Wanachokiita ujumbe, mara nyingi ni huko kujuana. Kijana anayesikiliza peke yake kwa hedifoni atakuwa na wimbo wake wa zamani, tena utamkamata vilevile, lakini huenda akigeuka hataona wa kuitikia.

Hata hivyo hedifoni hazijamaliza kila kitu. Krumhansl huyohuyo, pamoja na Justin Zupnick, waligundua mwaka 2013 kwamba vijana wa miaka kama 20 walikuwa na mapenzi na kumbukumbu, tena za maisha yao wenyewe, kwa nyimbo zilizotamba ujanani mwa wazazi wao. Walizisikia nyumbani wakiwa wadogo. Binti yangu anajua wimbo wangu wote. Kwake hauna jiko la mchina. Una gesi, na baba anayeimba vibaya.

Imebaki imani moja ambayo inanigusa zaidi kwa kuwa wazee wetu wengi wako kihambani na baadhi wameanza kupotewa na kumbukumbu. Husemwa kwamba muziki unaponya ugonjwa wa kusahau. Hauponyi. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazotunza nyimbo za miaka mingi ni kati ya zile ambazo ugonjwa wa Alzheimer huchelewa kuzila. Ndiyo maana bibi asiyejua jina lako anaweza kuimba wimbo mzima. Asubuhi atakuwa amekusahau tena.

Lakini saa moja ya kuimba ni saa moja, na inafaa kuitafuta kwa akili. Wajukuu wakitoka mjini humwekea bibi zilipendwa zozote walizozikuta kwenye simu, kisha wanashangaa anapiga miayo. Fanyeni hesabu. Aliyezaliwa mwaka 1948 alikuwa na miaka 15 hadi 25 kati ya 1963 na 1973, basi tafuteni za miaka hiyo. Tena msiishie kwenye dansi, kwani wanawake wengi wa mlimani hawakuingia dansini hata siku moja. Wao walikuwa kanisani, na nyimbo zao ziko kwenye kitabu cha nyimbo cha Kilutheri au kwenye Misa. Wengine zao ni za mchakamchaka wa shule, za JKT, au za Kichagga za kubembelezea mtoto, ambazo hakuna simu itakayozileta. Inabidi shangazi aimbe. Anzeni na sauti ya chini. Akiitikia, ongezeni. Akikunja uso au akianza kuhangaika, zimeni muulize shangazi: wimbo wa kwaya mnaoupenda ninyi unaweza kuwa ndio uliomsindikiza mwanawe kaburini.